Nonante: Namba Niliyoisoma Kichwa Chini

Bwana mhariri, chapa haya yote, lakini jina langu liache. Watu wa sokoni watanijua tu, na wakinijua ni haki yao.

Nimekosa! Sikukoseshwa na mtu, wala na pombe, wala na shetani ambaye watu wa mji huu wanamsingizia kila kitu mpaka namhurumia. Mimi mwenyewe, mchana mweupe, macho makavu, nilisoma namba moja vibaya na mtoto wa watu akapotea. Na hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote nitalisema huko mbele, nikipata nguvu.

Mimi nauza samaki wakavu, wale wanaotoka Kasenga kwa lori, wanapita Kasomeno, mpaka soko la cité, mtaa wa sisi Waafrika, hapa Élisabethville. Kazi hii inamfundisha mtu kutoamini. Mwenye lori anakuambia furushi lina samaki arobaini. Ukihesabu unakuta thelathini na wanane. Ukihesabu tena unakuta wawili kati ya hao ni mikia mitupu iliyofungwa kamba vizuri. Kwa hiyo mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Samaki mara mbili, chenji mara mbili. Siku ya arusi yangu nilihesabu hata mashemeji. Sokoni wakanibandika jina: Mara-Mbili.

Jina zuri lile! Lilinilisha. Mtu asiyemwamini ndugu yake wa tumbo moja alimwamini Mara-Mbili.

Na kwa sababu nilikaa miaka minne katika darasa la bamupe, yaani mapadri, najua Kifaransa cha kusoma. Cha kusema kinanikwama kooni kama mwiba. Basi watu wakaniletea karatasi zao, za kodi, za hospitali, za shule, nami nikawasomea bure. Bure ya sokoni, mnaielewa: mtu akishasomewa anaona haya kuondoka bila samaki.

Mmoja wao ni mama ambaye hapa nitamwita Mama Ilunga. Mume wake na mimi tulishuka kutoka kaskazini kwa treni moja. Tulilala chumba kimoja tulipokuwa vijana. Yeye akashika kazi ya reli, mimi nikashika samaki. Reli ikamuua. Siku ya matanga nikasimama mbele ya watu wote nikasema: "Huyu mutoto yake, miye njo nitamuangalia." Watu wakasikia. Hata mimi nilisikia!

Mama Ilunga anapika munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga na mizizi, anakiuza kwa vikombe mlangoni kwake. Ana mtoto mmoja tu, Ilunga. Mimi nina wengi, lakini aliyelingana naye ni wangu Petelo. Darasa moja, benchi moja, wote wawili walikuwa wanamaliza shule ya msingi. Plasi zao darasani zilikuwa za katikati. Petelo kwa sababu ya kuongea. Ilunga kwa sababu kila asubuhi alimchotea mama yake maji ya munkoyo, akafika shuleni kengele imekwisha kulia.

Sasa, mwaka huo wakaja Wazungu wawili shuleni. Hawakuwa bamupe. Walikuja na masanduku ya vipande vya mbao, na picha zenye kipande kilichopotea, na saa moja ambayo mtu anaiminya kwa kidole gumba. Petelo akarudi anacheka.

"Baba, leo hatukusoma hata kidogo. Tulicheza na bipande bya miti."

"Muzuri," nikamwambia. "Cheza."

Hakuna aliyekuja kutuambia sisi wazazi kwamba ule mchezo ulikuwa unapima kichwa cha mtoto, kama mimi ninavyopima furushi mkononi kabla ya kutaja bei. Hakuna!

Majibu yakaja wakati tumekwisha kusahau. Kila mtoto alipewa karatasi moja iliyokunjwa na kubandikwa, apeleke kwao. Mama Ilunga akaja nayo kwenye meza yangu mchana, soko limejaa, kibuyu kichwani, karatasi ameishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

"Shemeji, unisomee. Miye naogopa hata kuifungula."

Nikaifungua. Jina la mtoto, jina la shule, kisha neno moja na namba moja: *Centile: 94*. Chini yake, wazazi wafike kwa mkubwa wa shule kabla ya Jumamosi ya kufunga masomo. Basi.

Centile! Neno hilo sikulijua. Miaka yangu minne haikulifikia. Lakini nilimjua ndugu yake, centime. Falanga moja ina santimi mia, hata kipofu wa sokoni anajua.

"Mama Ilunga," nikasema, tena kwa sauti ya mnada, "mutoto yako ni falanga! Falanga nzima, inabakia santimi sita tu."

Akanikazia macho. "Na zile sita? Alifanya mubaya gani?"

"Zile ni mbasela. Amemuachia Mungu."

Watu wakacheka, maana mbasela ni ile nyongeza ambayo mimi sipendi kumpa mtu. Mama Ilunga akapiga vigelegele mpaka wauza mihogo wakasimama. Akashusha kibuyu, akaanza kunimiminia kikombe kilichojaa mpaka mdomoni, munkoyo unamwagika juu ya samaki wangu, wala sikumgombeza.

Hapo ndipo Petelo alipofika na karatasi yake.

Nikaifungua nikicheka bado. *Centile: 11*.

Santimi kumi na moja! Kwa santimi kumi na moja, sokoni kwetu hupati hata mkia!

Nikatazama karatasi, nikamtazama Petelo. Mtoto mrefu, ana pua yangu, anaweza kumuuzia mtu samaki wa juzi na mtu akasema aksanti. Huyu, kumi na moja? Na watu wamesimama pale wanangoja, maana ya Ilunga nilishaitangaza kwa soko zima.

"Na ya Petelo iko ngapi?" Mama Ilunga akauliza, kikombe mkononi. "Useme tufurahi pamoja!"

"Ngoja," nikasema. "Bado sijahesabu mara ya pili."

Wasomaji, shikeni hapo. Hapo ndipo mtoto alipouawa, na aliyemuua alikuwa baba mwenye mapenzi.

Nikahesabu mara ya pili. Nikajiambia: hii ni karatasi ya shule, si ya benki. Shule inahesabu namna gani? Inahesabu kwa plasi! Kila mwisho wa muhula tunaletewa: plasi ya kwanza, plasi ya tano, plasi ya thelathini na mbili. Namba ndogo ndiyo mbele, namba kubwa ndiyo mkia. Kwa hiyo Petelo ni wa kumi na moja kati ya watoto mia. Kumi na moja kati ya mia! Nikaona jua limetoka. Na Ilunga, basi, maskini, ni wa tisini na nne.

Hesabu ikakaa sawa kabisa. Mno! Mimi, ambaye bei ikikubalika bila kubishana nafungua furushi kuangalia chini yake, siku ile sikufungua chochote.

"Mama Ilunga," nikasema, sasa kwa sauti ya chini, lakini soko lina masikio, "ile ya kwanza nilienda mbio. Hii ni plasi. Petelo ni wa kumi na moja. Mutoto yako… iko nonante-quatre."

Wapakizi wa lori waliokuwa wameegemea mafurushi yangu wakaangua kicheko.

"Nonante-quatre kwa mia! Nyuma yake banabakia batoto sita!"

"Na bale sita pengine balikuwa banalala!"

"Eh, Nonante! Mumuite Nonante!"

Mama Ilunga hakucheka wala hakulia. Kikombe alikuwa bado amekishika, amenielekezea. Akauliza polepole:

"Shemeji, si umesema falanga nzima?"

"Nilisema mara ya kwanza," nikamjibu. "Weye unanijua. Ya kweli ni ya pili."

Akaweka kikombe mezani. Nikakinywa, fikirini! Nilikinywa chote!

Baadaye akarudi, soko limepungua. Akauliza juu ya ule mwito wa mkubwa wa shule. Aende?

"Utaenda kufanya nini?" nikamwambia. "Watakutia haya tu. Watakusimamisha mbele ya mupe na kukuambia mutoto yako kichwa iko muzito. Ukae kwako. Anayejua furushi lake limeoza halileti sokoni."

Niliyatoa maneno hayo bure, tena kwa huruma. Nilijiona mtu mwema.

Akasema kaka yake yuko Kasomeno, anakausha samaki na kupakia malori, anatafuta mikono. Mimi nikasema, hilo ni jepesi, lori la mwenye samaki wangu linarudi kule tupu, mtoto apande bure. Nilipatana na dereva mwenyewe. Hata matabishi, ile bakshishi ya dereva, nilitoa mimi! Naona mnanihesabia thawabu. Ngojeni.

Asubuhi ya safari Ilunga alikuja mezani kwangu na kifurushi chake cha nguo. Si mtoto wa maneno mengi. Akasimama akanusa samaki kidogo, kisha akasema:

"Baba, lakini mule ndani miye nilimaliza wa kwanza. Muzungu aliangalia saa yake, akaita mwenzake, naye akaangalia."

Alikuwa ananipa ushahidi. Mtoto wa rafiki yangu, kifurushi kwapani, alikuwa ananiomba nihesabu tena. Na mimi, Mara-Mbili, nikamjibuje?

"Hata samaki mubovu anamaliza wa kwanza," nikamwambia. "Anamaliza kuoza."

Wapakizi wakacheka tena. Ilunga akacheka nao, kwa adabu, akapanda juu ya lori.

Kila nikilala nasikia nilivyosema. Lilikuwa jibu zuri, la sokoni, la haraka. Mungu anisamehe kwa majibu mazuri!

Kesho yake nikavaa koti langu la misa, nikamshika Petelo mkono, nikabeba furushi la samaki wale wa juu kabisa, nikaenda shuleni kupokea sifa. Mwenye mtoto wa kumi na moja kati ya mia haendi mikono mitupu. Mupe, mkubwa wa shule, alikuwa na watu. Akatupokea mwalimu, kijana wa Kasai, shati jeupe mpaka linaumiza macho. Nikamwekea karatasi mezani kama mtu anayeweka turufu.

Akaisoma, akanitazama, akatazama samaki.

"Baba, unafurahi juu ya nini?"

"Onze!" nikasema. "Plasi ya kumi na moja!"

Hakucheka. Afadhali angecheka.

"Baba, hii si plasi. Utwae batoto mia, ubapange mustari. Hii namba ni bale mutoto anabaacha nyuma. Petelo anaacha nyuma kumi na moja. Mbele yake sasa, uhesabu weye mwenyewe."

Nikahesabu. Siku ile mara moja ilitosha.

Petelo alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Nikasikia miguu yake inarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje.

"Na mwenye nonante-quatre?" nikauliza. 

Uso wa mwalimu ukafunguka. "Ilunga! Ule anaacha nyuma tisini na ine! Hatujaona mutoto kama ule hapa. Mupe anamushikia fasi kwa masomo ya moyenne, kule banatoka makarani. Tunangojea mama yake tu, aje aseme ndiyo. Juu ya nini hakuji? Muko majirani, si vile? Umuambie, Baba. Jumamosi njo mwisho."

"Nitamuambia," nikasema.

Sasa nimefika. Lile baya kuliko yote ndilo hili: sikumwambia.

Kusoma vibaya ni ujinga, na ujinga mtu anaweza kuuombea. Lakini mimi nilitoka pale nikijua. Jumamosi ilikuwa bado mbele. Kasomeno si mwisho wa dunia. Nilikuwa na dereva, nilikuwa na lori, nilikuwa na mdomo, na mdomo wangu unajulikana! Jioni ile ile dereva mwingine alikuwa anapakia kwenda kule. Nilisimama karibu naye mpaka nikashika mlango wa lori. Maneno matatu tu: umrudishe yule mtoto. Nikafungua kinywa, nikasema:

"Mwende muzuri."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ningemwambia Mama Ilunga, angeuliza mbele ya watu: ilikuwaje falanga ikageuka? Na watu wangeuliza: basi kumi na moja ya Petelo ni nini? Soko lote lingejua kwamba Mara-Mbili hesabu yake ya pili ni ya uongo. Nani angeniletea tena karatasi? Nani angeniamini na furushi?

Nikaweka upande huu jina langu na aibu ya mwanangu. Upande ule nikaweka mtoto wa rafiki yangu aliyekufa. Nikahesabu mara mbili. Mara zote mbili nilijichagua mimi.

Nikajipoza: mwaka ujao fasi zitakuwapo. Nitamwambia polepole, nikipata namna nzuri ya kulisema. Jumamosi ikapita. Siku ile niliuza vizuri sana.

Jumapili, baada ya misa, wakasoma majina ya watoto wanaokwenda moyenne. Mama Ilunga alikuwa benchi ya mbele yangu. Kila jina likisomwa alipiga makofi. Watoto wa wenzake! Tulipotoka nje akanisogelea, akanishika mkono wa koti.

"Shemeji, aksanti ulinikataza kuenda kule. Haya ingeniua."

Alinishukuru! Mmesikia? Alinishukuru, na mimi nikamwambia, si kitu.

Siri haikukaa. Masomo yalipofunguliwa, yule mwalimu wa Kasai alipita njia ya kwa Mama Ilunga, jua kali, akaomba kikombe cha munkoyo. Akamtambua kuwa ni mama wa Ilunga. Akamwuliza, kwa heshima, kwa nini amekataa fasi ya mtoto wake. Nimesimuliwa kwamba Mama Ilunga alimmiminia kikombe mpaka kikajaa, akaendelea kumimina.

Akaja sokoni. Nilimwona kwa mbali, bila kibuyu kichwani. Nikajua. Nikaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa.

Nilitegemea kelele. Kelele za sokoni naziweza, nina majibu. Hakupiga kelele. Akasimama mbele ya meza, Petelo ameketi pembeni yangu anafunga kamba.

"Shemeji. Mara ya kwanza ulisoma nini?"

"Falanga," nikasema. "Inabakia santimi sita."

"Na mara ya pili?"

"Nonante-quatre. Ya nyuma."

"Karatasi ilikuwa moja?"

"Moja."

"Namba ilikuwa moja?"

"Moja."

"Basi kati ya mara ya kwanza na mara ya pili," akasema, "nini ilifika hapa mezani?"

 Sikumtazama Petelo. Naapa sikumtazama. Lakini Mama Ilunga alimtazama. Akamtazama muda mrefu, bila chuki, kama unavyomtazama mtoto wa mwenzako aliyekua bila wewe kuona. Kamba ikaanguka mkononi mwa Petelo.

"Nimesikia," Mama Ilunga akasema.

Akaondoka. Tangu siku ile hapiti tena njia ya meza yangu. Anazunguka nyuma ya kanisa na mzigo wake kichwani. Ni njia ndefu.

Nilikwenda kwa mupe nikaungama, si kwa dirisha la kitubio, bali mbele ya meza yake, kofia mkononi. Alinisikiliza. Akaniambia fasi ile imepewa mwingine, na mtoto mwingine hawezi kuondolewa kwa kosa langu. Na mwaka ujao? Mwaka ujao Ilunga atakuwa amepita umri unaotakiwa. Nikajaribu kupatana naye. Ndiyo, nilijaribu! Nikasema, mupe, tupunguze mwaka mmoja kwenye umri wake, nani atajua? Akanionyesha mlango. Alikuwa na haki. Hata kutubu natubu kama muuza samaki.

Basi nikapanda lori mwenyewe, juu ya mafurushi tupu, pale pale alipoketi mtoto, mpaka Kasomeno.

Nilimkuta kwenye majiko ya kukausha. Amekuwa mrefu, macho mekundu kwa moshi. Mjomba wake si mtu mbaya. Ananunua, anauza, ana watoto wa kwake. Niliposhuka nikasikia mtu anaita: "Nonante! Leta kitunga!" Wapakizi walikuwa wamelipeleka lile jina mpaka kule, bure, bila matabishi. Naye akaitika. Hakusita hata kidogo, aliitika kama jina alilobatizwa.

Nikamvuta kando.

"Ilunga, nilikosa. Ile namba haikuwa ya nyuma. Unaacha nyuma batoto tisini na ine. Walimu bote banasema. Weye njo ulikuwa mutoto wa akili kuliko bote mule."

Alinitazama kama mnunuzi anavyomtazama muuzaji aliyepunguza bei kabla ya kuombwa. Mtazamo huo naujua. Unasema: huyu anaficha nini?

"Mama alituma muntu kuniambia ile," akasema. "Mama ananipenda, njo maana anasema vile."

"Si mapenzi! Ni kweli! Nimeuliza kwa mwalimu, nimeuliza kwa mupe!"

"Baba," akasema, kwa upole ule ule, "pale sokoni ulisema ya kweli ni ya pili. Sasa hii ni ya tatu. Kama iko ya tatu, itakuja ya ine."

Nikamnyooshea mkono.  

"Twende kwenu," nikamwambia. "Twende tu, tutatafuta shule ingine."

"Nikafanye nini mule, Baba? Miye iko na kichwa muzito." Akasema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja urefu wake. "Huku kazi naiweza."

"Nonante! Kamba!"

Akaenda. Nikabaki na mkono umenyooshwa.

Na Petelo? Mnadhani yeye alipona? Petelo bado ni mcheshi, anauza kuliko mimi. Lakini mnunuzi akimpa noti, hahesabu chenji. Ananisukumia noti kimya na kungoja nihesabu mimi. Kabla ya karatasi ile alikuwa anahesabu. Hawezi tena, au hataki. Siku moja nilimwambia, hesabu bwana, wewe ni mtu mzima sasa. Akaniambia: "Onze hahesabu." Mama yake alisikia, akatoka jikoni akanitazama, akarudi ndani. Wale Wazungu walimpima kwa vipande vya mbao kwa muda wa misa moja, na sasa amejipima hivyo kwa maisha yote. Watoto wawili nimewavunja, mmoja kwa kumshusha, mmoja kwa kumpandisha.

Ninyi mnaowasomea wenzenu karatasi, barazani, sokoni, mlangoni kwa kanisa, nawaomba. Namba ya shule haisemi yenyewe iko juu ya nini. Usiitafsiri kwa hesabu ya duka lako wala ya plasi unayoikumbuka. Rudi kwa walioiandika, uulize: mwanzo wake ni wapi, mwisho wake ni wapi? Wakikuonyesha dharau, uliza hivyo hivyo. Na karatasi ya mtoto wako ikiwa mezani, usisome ya mtoto wa jirani! Mpe mtu mwingine. Jicho lako siku hiyo si lako.

Na ukishakosa, sema siku ile ile. Siku ile ile! Mimi nilikuwa na muda mpaka Jumamosi.

Sokoni bado wananiita Mara-Mbili. Watoto wapya wanaletewa karatasi zao, wazazi wao wananiletea mimi, hawajui. Nawaambia macho yangu yameharibika. Wananipa pole.

Na kule Kasomeno, kila lori likifika, wanamwita Nonante. Wanamwita siku nzima, kwa sauti kubwa, wanamtajia sifa yake mbele ya watu wote bila kujua. Naye kila wakimwita anainamisha kichwa.